Chumba Kisichouona Mlima

Gidioni Orio wa Mwika hana kaburi, na kwa mkewe Tabitha jambo hilo lilikuwa zito kuliko kifo chenyewe. Upande ule mtu akifa, hata awe amefia Dar es Salaam au ng'ambo, huletwa nyumbani akalazwa kihambani, katikati ya migomba aliyoachiwa na baba yake. Watoto wakienda kukata majani ya ng'ombe wanampita pale pale. Akitajwa, anaonyeshwa kwa kidole. Gidioni hakuletwa. Alikuwa mwongoza watalii, akapanda mlima na wageni mwezi wa tatu, mwaka ambao mvua ziliwahi, na wenzake waliposhuka yeye hakuwamo. Walimtafuta mpaka hali ya hewa ikawafukuza. Ibada ikafanyika bila jeneza. Mchungaji alisoma, kwaya ikaimba, watu wakala, wakaondoka, na Tabitha akabaki peke yake na msiba usiokuwa na mahali pa kuwekwa.

Hakuwa mwanamke wa kulia hadharani. Alikuwa na binti wa kusomesha, Stella, na alikuwa na ng'ombe wa maziwa. Asubuhi alikamua, akapeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia, akarudi kupalilia kahawa. Watu walimsifu kwamba amejikaza. Hawakujua habari ya mluzi.

Gidioni alikuwa na mluzi wake. Miwili mifupi, kisha mmoja mrefu ulioshuka mwishoni, kama mtu aliyetaka kusema jambo akaliacha. Kila aliporudi kutoka safari aliupiga tangu kwenye njia inayofuata mfereji, kabla hajaonekana, na Tabitha akiusikia alibandika maji ya kuoga. Maneno mengine hayakuhitajika. Mtu anafika, maji yako tayari, buti zinavuliwa mlangoni.

Miezi michache baada ya ile ibada, Tabitha akiwa anakamua, aliusikia. Aliweka ndoo pembeni, akaingia jikoni, akachochea moto, akabandika sufuria. Maji yalipochemka ndipo alipokumbuka.

Baada ya hapo mluzi ulikuja ulipopenda. Ungeweza kupotea msimu mzima, akaanza kuusahau, kisha ukaja mara mbili kwa wiki moja. Alimweleza mtu mmoja tu, wifi yake Ruth, na Ruth alimshika mkono akamwambia kwamba mtu ambaye hajalazwa huita, na kwamba asiitike. Tangu siku hiyo Tabitha akaanza kuuogopa mlima. Hakuuchukia, maana huwezi kuchukia kitu kinachokupa maji na udongo. Aliuogopa kama mtu anavyomwogopa jirani baada ya kumwona akifanya jambo baya. Alimwita fundi akaziba mlango wa jikoni uliotazama juu, akafungua mwingine upande wa chini. Dirisha la chumbani lililoelekea kule alilipigilia mbao. Jumapili, akienda kanisani, alitazama visigino vya aliyemtangulia. Watu wakisema, "Leo mlima umetoka vizuri," yeye aliinama kufunga kamba ya kiatu.

Ikapita zaidi ya miaka kumi hivyo.

Stella alikua, akasoma, akapata kazi ya ofisini Dodoma. Likizo moja alimkuta mama yake amekonda, macho yameingia ndani, anaamka kabla ya jogoo na kukaa kitandani amevaa tayari. Aliporudi kazini alianza kupiga simu kila jioni na wazo moja. Mama aende mjini Moshi, alale hotelini siku chache, asikamue, asipike, atembee tu sokoni na kula kilichopikwa na mtu mwingine. Tabitha aliona ni mambo ya watoto wa siku hizi. Mtu wa Mwika kwenda kulala hoteli ya Moshi ni sawa na kulala sebuleni kwako na kulipia. Lakini Stella alishikilia. Alisema Moshi ni karibu, ng'ombe akisumbua atarudi hata siku hiyo hiyo, na shangazi Ruth amekwisha kukubali kukamua.

Kisha picha zikaanza kuingia kwenye simu. Hoteli hii iko katikati ya mji, unatoka mlangoni uko benki. Hii iko kando ya barabara ya lami, kumetulia, ina bustani. Hii lokesheni yake iko poa sana, mama, mgahawa uko juu kabisa. Tabitha alizitazama moja baada ya nyingine, akavua miwani. Kila picha ilikuwa na mlima. Nyuma ya kitanda, dirishani, juu ya kikombe cha kahawa, hata kwenye kibao cha mapokezi ulikuwa umechorwa.

Akamwambia mwanawe, "Usinichagulie. Nitachagua mwenyewe nikifika."

Alifika Moshi siku ya Alhamisi asubuhi na begi dogo la mkononi. Jua lilikuwa la kipupwe, jepesi, na mji ulikuwa umeamka vizuri. Aliposhuka stendi alijua mlima uko upande gani bila kutazama. Ulikuwa mgongoni, akauacha huko huko. Alikuwa na mahitaji ambayo angeweza kumwambia mtu yeyote: hoteli iwe karibu na soko, isiwe na baa chini, ngazi zisiwe nyingi. Hitaji kubwa hakuwa na maneno yake.

Hoteli ya kwanza ilikuwa hatua chache kutoka mnara wa saa. Msichana wa mapokezi alimwamkia kwa adabu, akachukua funguo, akampandisha mpaka chumba cha juu. Kitanda kilikuwa kizuri. Msichana akaenda dirishani na kushika pazia kwa furaha ya mtu anayekupa zawadi, akamweleza kwamba vyumba vya upande huu ndivyo wageni hugombania, ukiamka asubuhi mlima huu hapa, hata shuka hujatoa. Tabitha alimwomba asifungue. Akauliza kama kipo chumba cha upande wa pili. Kilikuwepo, ila msichana alishangaa, akasema upande wa pili wanalala madereva, na kwamba chai hunywewa juu kwenye mgahawa ambako unauona mlima pande zote. Tabitha alishukuru, akashuka.

Ya pili ilikuwa karibu na stesheni ya reli, imejificha nyuma ya miti, na alipoona ukuta mrefu alipata tumaini. Aliingia getini akasimama. Kundi la wapagazi lilikuwa limeshuka mlimani asubuhi hiyo. Mahema yalikuwa yametandazwa juani, buti zimepangwa ukutani zikikauka, na harufu ikamjia yote kwa pamoja: turubai lililolowa, moshi wa mafuta ya taa, jasho lililoganda na kuyeyuka. Ilikuwa harufu ya Gidioni akivuka kizingiti. Kijana mmoja alimwambia, "Karibu, mama," lakini yeye alikuwa amekwisha geuka. Alitembea mpaka kwenye kivuli cha duka, akajifanya anapekua begi.

Alikaribia kurudi nyumbani. Alikuwa tayari anatafuta maneno ya kumwambia Stella. Ila aliona haya ya kushindwa saa nne asubuhi, akashuka kuelekea Kiusa, kwenye mitaa yenye mafundi cherehani na maduka ya vipuri, na huko akaiona hoteli ambayo hakuna mtu angeipiga picha. Lilikuwa jengo la zamani la ghorofa mbili, limebanwa na majengo marefu pande tatu kama mtoto kati ya watu wazima kwenye foleni. Mapokezi yalikuwa na meza, benchi na feni. Nyuma ya meza alikaa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, shati limepigwa pasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Una chumba?"

"Chumba kipo. Lakini nikwambie mapema, usije ukalalamika kesho. Huku kwetu mlima hauonekani. Chumba chochote, si dirishani, si mlangoni."

Tabitha aliweka begi chini. "Nipe funguo," akasema.

Yule mtu alitabasamu kidogo, akamsogezea kitabu cha wageni. Tabitha akaandika polepole, Tabitha Gidioni Orio, Mwika. Alipoinua kichwa, tabasamu lilikuwa limeondoka. Mhudumu alikuwa akilitazama jina kama mtu anayesoma tangazo la kifo. Alimpa ufunguo, na badala ya kumbebea begi alimwita mwanamke wa jikoni ambebee. Tabitha alidhani labda ameandika vibaya.

Chumba kilikuwa cha nyuma. Dirisha lilitazama ukuta wa stoo uliopakwa chokaa, na chini yake ua wa kufulia. Alikaa kitandani, akautazama ule ukuta. Ulikuwa ukuta tu. Alijilaza na viatu vyake, na usingizi uliomshika ulikuwa wa aina aliyokuwa ameisahau, usingizi wa mtoto aliyetoka kuchota maji.

Aliamshwa na mluzi. Miwili mifupi, mmoja mrefu unaoshuka.

Hakushtuka mwanzoni. Mwili uliinuka wenyewe kwenda kubandika maji, mkono ukatafuta mlango wa jikoni, ukagusa kabati la hoteli. Hapo ndipo akasimama akiwa ameshika kabati, na hofu ikampanda kutoka miguuni. Kule Mwika alikuwa ameizoea sauti ile. Ilikuwa kitu cha mahali, kama ukungu. Hakuwahi kufikiri kwamba inaweza kupanda gari ikamfuata mjini, ikaulizia hoteli, ikapanda ngazi. Jua la alasiri lilikuwa bado linawaka ukutani. Cherehani zililia mtaani. Alifungua mlango, akatazama huku na huku. Ukumbi ulikuwa mtupu, sakafu imedekiwa, bado haijakauka.

Jioni Stella alipiga, akauliza hoteli ikoje, iko karibu na nini. Tabitha alisema iko karibu na soko. Akasema amelala vizuri. Hayo yote mawili yalikuwa kweli.

Usiku ule haukuwa na kitu. Asubuhi alishuka kunywa chai. Mwanamke wa jikoni, Theodora, alikuwa mtu wa Kibosho mwenye mazungumzo, akamletea mtori, supu nzito ya ndizi, bila kuombwa, akisema kwamba mtu aliyeamka na uso ule hawezi kupewa mkate. Tabitha alikuwa amechota kijiko cha pili mluzi ulipopita tena, juu, upande wa ngazi. Kijiko kikagonga bakuli. Alimtazama Theodora, na jambo lililomgandisha ni kwamba Theodora naye alikuwa ameinua macho kuelekea ngazini.

"Umeusikia?" Tabitha akauliza. Tangu mume wake apotee hakuwahi kumuuliza mtu swali hilo.

"Si huyo Calvin," Theodora akasema, akifuta meza. "Wa mapokezi. Tumemkataza mpaka tumechoka, kuna wageni hawapendi mtu anayepiga mluzi ndani ya nyumba. Lakini ukimwambia anabisha. Anasema hajui kama anapiga."

Tabitha aliacha mtori, akapanda ngazi. Alimkuta ameinama na tambara, anafuta mbao za ngazi, mgongo wake umemwelekea. Hakuwa akipiga chochote wakati huo. Alimtazama kwa muda. Alikuwa na namna ya kushikilia bega la kushoto juu, kama bado lina mzigo.

"Wewe ni mtu wa wapi?" akamuuliza.

Alipogeuka, Calvin hakuonekana kushangaa. Alionekana kama mtu aliyekaa kwenye benchi la hospitali na hatimaye jina lake limeitwa. "Kwa Sadala, kule Hai, mama," akajibu. Kisha akaongeza, "Mimi ndiye yule mpagazi."

Tabitha alimjua, ingawa hakuwahi kumwona. Katika habari zote alizoletewa siku zile alikuwemo mtu huyu mmoja asiye na uso: mpagazi kijana wa Hai, safari yake ya kwanza, aliyebaki nyuma theluji ilipoanza, ambaye Gidioni alirudi kumtafuta. Yule mpagazi alifika kambini akiwa hai. Gidioni hakufika. Tabitha hakuwahi kumwombea mabaya. Alikuwa amejitahidi tu asimfikirie kabisa.

Walikaa ua wa nyuma, kwenye beseni kubwa zilizopinduliwa, kati ya ndoo za sabuni. Theodora aliwaona kupitia dirisha la jikoni akawaacha.

Calvin alieleza taratibu, akitazama mikono yake. Walikuwa wanashuka kutoka kambi ya juu kukimbia hali mbaya. Yeye alibeba hema lililolowa, likawa zito kama mtu. Wenzake walimpita. Alikaa kidogo apumue, kisha akaona hakuna haja ya kusimama. Baridi ilikuwa imekwisha, akasikia joto zuri, akaanza kusinzia. Wapagazi wazoefu walikuwa wamemwambia kwamba joto hilo ndilo baya, lakini hakukumbuka. Alikumbuka mluzi tu. Safari nzima Gidioni ndiye aliyewaamsha kwa mluzi ule, na ndiye aliyewaita kula. Kwa hiyo alipousikia alidhani chakula kiko tayari, akasimama.

"Niliufuata," akasema. "Ukungu ulikuwa mzito, siioni hata mikono yangu. Ukiita, nakwenda. Nikisimama, unaita tena. Sikuwahi kumfikia. Nilimpigia kelele anisubiri, hakusubiri. Mpaka nikaona taa za kambi. Nikaingia kwenye hema la jiko, mpishi akaniuliza, Gidioni yuko wapi? Nikamwambia, yuko mbele yangu, ameingia sasa hivi. Wakatazamana. Mpishi akaniambia Gidioni amepanda juu kunitafuta, kwa njia ya ukingoni, muda mrefu umepita, na hakuna mtu aliyeshuka."

Bomba la maji lilikuwa linadondoka kwenye ndoo.

"Mama, mluzi ulikuwa chini yangu. Muda wote ulikuwa chini yangu. Na yeye alikuwa juu."

Alisema kwamba hakupanda tena. Hakwenda kwenye ibada Mwika, kwa sababu alifikiri akiingia pale mzima, kila mtu atamtazama na kuhesabu nani ameletwa na nani hajaletwa. Nyumbani kwao mlima unaonekana kutoka shambani, akaondoka. Alizunguka Moshi nzima akitafuta kazi mahali ambapo hataamka akauona, na akapata hapa. Siku ya kwanza alimwambia mwenye hoteli kwamba kazi yoyote ataifanya ila kuanika nguo juu ya paa. Habari ya mluzi anaopiga mwenyewe aliisikia kwa watu. Alichojua yeye ni kwamba huwa anausikia. Siku nyingine jikoni, siku nyingine mtaani katikati ya magari. Akiusikia, pengine ndipo anapouitikia bila kujijua.

Tabitha alikuwa amekaa na mikono imepishana tumboni. Ruth alikuwa amemwambia asiitike, na hakuwahi kuitika, na huyu kijana wa watu alikuwa ameitika miaka yote hiyo peke yake.

Akamuuliza jambo moja. "Ukiusikia sasa, unatokea juu, au unatokea chini?"

Calvin alifikiri. Ilionekana hajawahi kuulizwa. "Chini," akasema. "Bado chini. Kama mtu aliyetangulia."

Ndipo Tabitha naye akaanza kuikumbuka njia ya mfereji. Alipokuwa akikamua, ng'ombe akiwa amefungwa upande wa juu wa nyumba, kila mara mluzi ulipokuja yeye aligeuza kichwa kuelekea bondeni. Siku ya kwanza na siku zote zilizofuata. Hata siku moja mluzi haukuwahi kutoka mlimani. Alikuwa ameziba mlango ambao hakuna kitu kilichowahi kuingilia, na kupigilia mbao dirisha ambalo hakuna aliyeita kutoka upande wake. Mlima ndio uliomchukua Gidioni, kwa hiyo alidhani sauti yake lazima iwe huko, amekaa kwenye barafu, anaita watu wapande. Hakuwahi kuyaamini masikio yake mwenyewe.

"Na mimi ni hivyo hivyo," akasema. "Nausikia kutoka chini, kwenye njia yetu ya nyumbani."

Kisha Tabitha akasema, kwa sauti ya mtu anayejaribu neno jipya mdomoni, "Basi hayuko huko juu."

Calvin aliinama akaufunika uso wake. Tabitha hakumgusa, lakini hakuondoka.

Baadaye aliuliza ufunguo wa kwenda juu ya paa uko kwa nani. Ulikuwa kwa Theodora, kwenye msumari jikoni. Calvin alimfuata mpaka ngazi ya mwisho, akasimama pale kwenye mlango wa bati, na Tabitha akatoka peke yake kati ya shuka zilizoanikwa. Palikuwa na matangi ya maji na nyaya za televisheni. Alisogeza shuka moja, halafu ya pili.

Kwenye upenyo kati ya majengo marefu mlima ulikuwa umetoka, lakini si wote. Wingu lilikuwa limeukata katikati, na kile kilele kilikaa juu ya wingu bila kushikiliwa na kitu, cheupe, kimetulia. Chini ya wingu kulikuwa na msitu mweusi, na chini ya msitu kijani cha migomba kikishuka mpaka pembeni kabisa upande wa Mwika. Alikitazama kijani kwa muda mrefu kuliko kilele. Alijaribu kukisia nyumba yake iko wapi, akashindwa. Alijua tu kwamba miaka yote aliyokuwa akijificha, alikuwa akijificha mgongoni mwa huo huo mlima, analima udongo wake, anakunywa maji yake. Hofu haikuondoka. Ilikuwepo, imekaa kifuani. Lakini ilikuwa ya kutosha kifua kimoja sasa, na kabla ya hapo ilikuwa inajaza nyumba.

"Njoo," akamwambia Calvin bila kugeuka. "Mtu mmoja asiutazame peke yake."

Alikuja. Alitazama viatu vyake kwanza, kisha matangi, kisha akainua uso. Walisimama mpaka wingu likapanda na kukifunika kile kilele.

Tabitha alilala hoteli ile usiku wa pili kama alivyopanga. Jumamosi alinunua kitenge sokoni na dawa ya kupe, akarudi nyumbani. Hakumweleza Stella kwa simu, maana aliona si mambo ya kusemwa kwa simu. Alimwambia tu kwamba hoteli ilikuwa mahali pazuri, na Stella akafurahi, akasema mwakani atamtafutia yenye bwawa la kuogelea.

Desemba watu wote waliporudi nyumbani, Calvin alikuja Mwika. Hakuwa ameahidi. Alionekana siku moja kabla ya Krismasi akipandisha njia ya mfereji, taratibu, akiuliza watu, na mikononi ameshika jani la isale. Ni jani refu la mmea unaopandwa kwenye mipaka na makaburi, na Mchagga akikuletea kwa mikono miwili amekuomba msamaha, huwezi kumkatalia. Alipiga goti uani mbele ya Tabitha, Ruth na majirani wawili waliokuwa wakimenya ndizi. Ruth alipoambiwa ni nani, aliweka kisu chini.

Tabitha alilipokea jani.

"Hili silikatai, maana halikataliwi," akasema. "Lakini sijui nakusamehe nini. Uliitwa, ukaitika. Basi. Inuka, ule."

Stella aliingia kutoka Dodoma alasiri hiyo hiyo, akamkuta mwanamume asiyemjua amekaa jikoni karibu na moto, anakula machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, na mama yake anamwongezea bila kumuuliza. Alimvuta mama yake pembeni. Tabitha hakupunguza sauti. Alimwambia kwamba huyu ni Calvin, na ndiye mtu wa mwisho kumfuata baba yake.

Stella alikaa. Alikuwa mtoto wa shule ya msingi baba yake alipopotea, na katika nyumba ile jina la Gidioni lilikuwa limetajwa kwenye sala tu. Akamuuliza Calvin, kwa aibu kidogo, baba alikuwa mtu wa namna gani akiwa kazini. Calvin akafikiri, akasema alikuwa mtu anayetia chumvi kwenye uji wa wenzake, halafu anakaa kimya kutazama nani ataanza kulalamika. Wapishi walikuwa wakimficha kopo la chumvi. Alisema kwamba mgeni mmoja mnene alimwomba ambebe mgongoni, na Gidioni akamwambia kwa heshima zote kwamba atambeba, ila waanze na kushuka. Stella alicheka, akaziba mdomo, kisha akacheka tena. Ruth naye alicheka, huku machozi yakimtoka, akasema hata utotoni alikuwa hivyo hivyo, alikuwa na balaa.

Tabitha aliwaacha wakizungumza. Ng'ombe alikuwa hajapata majani, na giza lilikuwa linaanza kushuka kwenye migomba. Alitoka kwa mlango wa chini na panga mkononi, akakata majani mawili matatu ya mgomba, akayaweka begani. Nyuma yake sauti zilikuwa zinapishana jikoni, ya Stella ikiuliza, ya Calvin ikijibu. Kabla ya kurudi alisimama kidogo kwenye njia, ameelekeza uso bondeni, akisikiliza.